Binti Ana Pumu, Nimemzibia Dirisha, Mbona Mke Amehama?

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana nimeshachekwa na shemeji yangu, na huyo peke yake anatosha mtaa mzima.

Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka arobaini na sita, karakana yangu iko mbele na nyumba iko nyuma, katikati kuna mlango wenye pazia, nina mke mmoja na binti mmoja wa miaka kumi na minne ambaye shuleni wanamwita Risasi kwa ajili ya mbio zake, na huyo Risasi ana pumu. Nasema pumu kwa kuwa daktari ndivyo alivyoandika, lakini mimi kwa muda mrefu nilisema ni kifua tu, kwani nani hana kifua? Darasani kwetu zamani tulikuwa arobaini na mwenye pumu alikuwa mmoja tu, tukimwita Filimbi kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kikilia, akaacha shule, baadaye tukasikia amefariki, lakini alikuwa mmoja. Sasa darasani kwa binti yangu wapo watano, watano mshauri, wote na pampu zile za kuvuta mdomoni, nikajiuliza haya ni maradhi au ni fasheni, maana watoto wa umri huu mmoja akisuka nywele namna fulani, kesho darasa zima limesuka.

Hospitali walimpa pampu mbili, moja ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni, nyingine ya pale anapobanwa. Ile ya kila siku niliisimamisha baada ya wiki tatu kwa sababu alikuwa mzima, hakohoi, analala vizuri, sasa mtu mzima unampa dawa ya nini? Ile ya pili nikaifungia kwenye droo ya meza ya karakana na ufunguo nikauweka mfukoni, kwa kuwa nimesikia kwa watu wenye akili zao kwamba ukishaizoea pampu huiachi tena, na pia, niseme ukweli, sikupenda aonekane anaivuta barabarani, ni binti anayekua, watu wana macho, kesho atakuja mchumba aambiwe huyo ana kifua, aende zake.

Lakini usidhani mimi ni baba wa kukaa nikitazama. Nilijua adui ni baridi, nikaamua kupambana naye kwa kazi ya mikono yangu. Nilikaa siku sita nikimtengenezea binti chumba ambacho hata mtoto wa waziri hana. Dirisha nililiziba kwa sponji na gundi, juu yake nikapigilia plaiwudi, hata uzi wa upepo haupiti. Kuta nimezivalisha sponji kutoka sakafuni hadi mabegani, juu nikafunika mahameli iliyobaki kwenye kazi ya mteja, rangi ya zambarau. Godoro nimemshonea mwenyewe, ndani nimejaza pamba na sponji nilizozitoa kwenye makochi makuukuu yanayoletwa kutengenezwa, nikazipiga na fimbo mpaka zikafura kama mkate. Gundi peke yake nilimaliza makopo mawili ya lita nne. Mteja mmoja alichungulia akaniuliza kama nachukua oda.

Binti alikaa humo siku mbili akaniambia, "Baba, humu hata panya angekohoa."

Nikamwambia, "Vumilia mama, ni harufu ya gundi, itaisha."

"Itaishaje na wewe kila asubuhi unapuliza nyingine hapo nje ya pazia?"

"Unanijibu?"

"Nakuuliza tu, baba."

Ni kweli karakana imepakana na chumba chake na napuliza gundi kwa kompresa, lakini nikipuliza huwa najifunga kitambaa puani kwa sababu ile ni kazi, yeye hapulizi, yeye analala tu. Na sigara nazivuta nikiwa mlangoni, uso nje, moshi wenyewe unajua njia ya barabarani.

Basi Jumamosi moja saa tisa alasiri nilikuwa nimepeleka kochi la watu watatu kwa mteja, ufunguo mfukoni kama kawaida, binti akabanwa. Mke wangu akaivunja ile droo kwa nyundo yangu mwenyewe. Meza ile nimeirithi kwa marehemu baba, mbao ya zamani, huipati tena. Niliporudi nikakuta droo imepasuka katikati na jirani yangu mshona viatu amesimama mlangoni kwangu, akaniambia, "Fundi, wamekimbilia hospitali. Mwanao alikuwa hawezi hata kutaja jina lake." Nilipofika nilimkuta amevishwa barakoa ya mvuke, macho yamemtoka, mama yake amemshika mgongo. Daktari, msichana mdogo tu, akaniuliza mbele za watu, "Mzee, binti yako analala wapi?" Nikamweleza chumba, na sikatai, nilieleza kwa fahari kidogo. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Hebu rudia."

Tangu siku ile mke wangu hajarudi nyumbani. Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, mitaa miwili kutoka kwetu, na binti, na pampu zote mbili. Nilipowafuata shemeji alinipokea kizingitini. "Karibu shemeji, karibu sana, ila hilo shati linanuka gundi, livue nje. Au umekuja kupima kuta zangu?" Akacheka mpaka akashika mlango. Mke wangu alikuja nyuma yake, hakucheka. Akasema, "Toa sponji, toa mbao, fungua dirisha, ondoa gundi yako mlangoni kwa mtoto. Halafu tuzungumze."

Nikamwambia, "Mke wangu, kubomoa ile ni kazi ya wiki nzima, na nina oda mbili."

Akasema, "Na mwanao ana oda ya pumzi."

Juu ya yote mwalimu wa michezo amemwandikisha mbio za mita mia nane mwezi ujao, mke wangu ametia saini bila kuniuliza, na mimi nimesema hakimbii mtu hapa kwa kuwa mbio ndizo zinazomletea. Kwa hiyo, mshauri, nakuomba mambo mawili. Mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumapili kabla hata ya matangazo ya vifo, basi mwandikie arudi nyumbani, umweleze kwamba nia yangu ilikuwa njema na kwamba mwanamke havunji droo ya marehemu mkwe wake. Halafu niambie kama ni busara nimhamishie binti shule nyingine isiyo na watoto wengi wenye pampu, asizidi kuambukizwa.

Ni mimi, Fundi Makochi, mwenye nia njema.

*

Fundi,

Uliomba nisikucheke. Ombi lako limekataliwa. Nilicheka kwenye mahameli ya zambarau, nikacheka kwenye mteja anayetaka oda, nikafika kwenye ufunguo ulio mfukoni mwako ukibebwa pamoja na kochi la watu watatu huku mtoto hawezi kutaja jina lake, hapo kicheko kikaniisha. Nakujibu kutoka hapo, kwa hiyo usitegemee kubembelezwa.

Tuanze na kazi ya mikono yako. Wewe hukumtengenezea binti chumba. Umemshonea kochi, ukamtia ndani, ukafunga zipu. Nisingemlaumu mwalimu au mwanasheria kwa ujinga huu, maana hao kochi wanalikalia tu. Wewe unalipasua! Wewe ndiye unayejua, kuliko msomaji yeyote wa gazeti hili, kinachotoka ndani ya kochi lililokaliwa miaka kumi na tano na familia tatu na paka: vumbi, ukungu, manyoya, na wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi zetu. Kwa kifua chenye pumu hayo ni pilipili machoni. Ukayakusanya yote, ukayapiga fimbo yafure, ukayapa jina la godoro, ukamwambia mtoto aweke pua hapo kwa saa nane kila siku. Halafu ukaziba dirisha, isije hewa safi ikaingia kwa bahati mbaya.

Na gundi. Nimeisoma mara mbili sentensi yako ya kitambaa, nikidhani macho yangu yamechoka. Unajifunga kitambaa kwa sababu "ile ni kazi", naye "analala tu". Fundi wangu, hewa ya gundi haimuulizi mtu kama yuko kazini au likizoni. Pua ya miaka arobaini na sita umeifunika, ya miaka kumi na minne yenye ugonjwa umeitandikia kitanda upande wa pili wa pazia. Pazia! Hilo lingezuia nini, aibu? Na huo moshi wa sigara unaojua njia ya barabarani, niletee na mimi uniongoze, maana barabara za mji huu hunipoteza. Moshi unaingia pale penye mlango, unakaa kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye hayo makochi yako, na wewe unauleta hadi mezani unapomwita mwanao aje kula.

Sasa huyo Filimbi. Umempitia kwa mistari miwili kama mtu anayeruka dimbwi: alikuwepo, kifua kililia, akaacha shule, akafariki, "lakini alikuwa mmoja". Hivi ulipoandika neno "lakini" kalamu haikukugomea? Mtoto mwenzako amekufa, nawe unamtumia kama ushahidi kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Na nani alikuambia alikuwa mmoja? Katika wale arobaini wenu walikuwemo waliokohoa kila mvua ikinyesha wakaambiwa ni wavivu, waliokaa pembeni wakati wa michezo wakaitwa legelege, waliokunywa dawa za kikohozi mwaka mzima bila mtu kuwasikiliza kifua. Filimbi alikuwa yule tu aliyeshindwa kuficha.

Hao watano wa leo, basi, baadhi yao wapo kwa sababu siku hizi kuna mtu anayeuliza na daktari anayeandika. Hiyo ni habari njema. Wengine wapo kwa sababu tumeugeuza mji kuwa bomba la moshi na kuwaambia watoto wakue humo: magari makuukuu yanayonguruma nje ya geti la shule, takataka zinazochomwa nyuma ya madarasa saa za masomo, jiko linalofuka ndani ya chumba kisicho na tundu, ukungu kwenye kuta, na baba anayevuta sigara mlangoni. Ongeza vijana wenyewe, ambao wengine wameanza kunyonya sigara za umeme zenye ladha ya matunda wakidhani ni peremende. Ongeza damu ya ukoo, maana pumu hupenda kurithiwa. Hebu waulize wazee wenu kwa nini shangazi fulani alikuwa "halali chali", usiku anakaa akitafuta pumzi. Kwa nini huyu apate na yule asipate, madaktari wenyewe hawana jibu moja. Ila jibu la kuambukizana halimo kabisa. Pumu haiambukizi, fundi. Kinachoambukiza ni maneno ya watu "wenye akili zao", na wewe umeugua sana.

Walikuambia pampu huzoeleka. Mimi nina jirani anayevaa miwani tangu akiwa shule ya msingi, sijasikia mtu akimwita mtumwa wa miwani. Ile pampu ya kila siku hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, polepole, na ndiyo iliyomfanya binti asikohoe zile wiki tatu. Ukamuona mzima, ukaondoa kilichomfanya awe mzima. Wewe ni yule mtu aliyeona nyumba haivuji akapanda juu kung'oa bati. Ile ya pili, ya kubanwa, ni ya dakika hiyo hiyo, na haina maana yoyote ikiwa mbali na mdomo wa mgonjwa kwa zaidi ya urefu wa mkono wake. Wewe uliiweka mbali kwa urefu wa droo, kitasa, ufunguo, mfuko wa suruali na mtaa wa mteja.

Na mchumba! Mtoto ana miaka kumi na minne, anahangaikia hesabu na mita mia nane, baba yake anahangaikia mchumba asiyekuwepo. Ndiyo maana watoto wa umri huu wanazificha pampu chini ya daftari na kwenda kuzivutia chooni, au hawazivuti kabisa mpaka wadondoke. Nani aliwafundisha kwamba kupumua ni jambo la aibu? Hawakusoma kitabuni. Wameona nyuso zetu. Siku akija mwanamume anayekimbia kwa kuona pampu, mshukuru Mungu kwa kukuchujia mapema, umfungulie na geti.

Mbio hazileti pumu. Huiamsha ile ambayo haijatulizwa, na dawa ya hilo ni kuituliza, si kumkalisha mtoto. Akitumia dawa yake ipasavyo, akapasha mwili moto kabla, pampu ikawa kiunoni au mkononi mwa mwalimu, na daktari akaridhia, atakimbia. Mkeo alitia saini bila kukuuliza kwa sababu majibu yako anayajua, yapo ukutani, ya zambarau.

Haya, vua koti ufanye kazi. Hizo oda mbili zitangoja, makochi hayabanwi. Leo hii toa plaiwudi. Toa sponji zote, godoro ndilo liwe la kwanza, na usiliuze kwa mtu mwingine. Jifunge kitambaa unapobomoa, hapo nakuruhusu. Osha kuta, acha jua liingie. Kisha badilishaneni vyumba: chumba kilichopakana na karakana kiwe chako wewe, mwenye pua ya kazi, naye apewe cha mbali kabisa na gundi. Huo mlango wa pazia ujengwe, uwe ukuta, na kompresa ihamie uani mbali na madirisha, ipulize mtoto akiwa shuleni. Mnunulie godoro jipya, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Sigara iache, ukishindwa, nenda zahanati wakusaidie, lakini mlangoni hapo usisimame nayo tena. Baada ya kazi oga na ubadilishe nguo kabla hujamkumbatia. Shemeji yako alikwambia hivyo kwa mzaha, nami nakwambia bila mzaha.

Halafu nendeni wote watatu kwa yule daktari msichana, na wewe uende ukiwa umefunga mdomo. Mwombe akuandikie kwenye karatasi: dawa ipi, lini, na mara ngapi, na siku ya kubanwa mfanye nini. Ibandikeni mahali pa wazi, nakala apewe mwalimu. Ujifunze dalili za hatari kama unavyojua bei ya sponji: akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipomsaidia, anakaa wima, anaendelea kuivuta pampu kama mlivyoandikiwa, na mnakwenda hospitali wakati huo huo, hamsubiri kuona. Na akianza kuihitaji ile ya kubanwa mara kwa mara ndani ya wiki, msijipongeze kwamba anayo. Rudini kwa daktari, maana hiyo ya kila siku haifanyi kazi yake au haitumiwi.

Droo ya marehemu itengeneze mwenyewe, wewe si fundi? Ila usiitie kitasa.

Nia yako njema naiamini. Mtu hamalizi makopo mawili ya gundi kwa mtoto asiyempenda. Lakini nia njema haivutwi puani, fundi, na laiti mkeo angekuwa mwoga wa mbao za mkwe wake, leo ungekuwa unaniandikia barua ya aina nyingine, ambayo sina jibu lake.

Uliniomba nimwandikie. Namwandikia.

Mama Risasi, najua unasoma. Kaa hapo hapo kwa mdogo wako. Akija kukwambia dirisha limefunguliwa, mkaribishe chai, usifungashe. Akija kukwambia ukuta umejengwa, nenda ukaugonge kwa mkono wako. Na siku utakaporidhika kwamba sponji imekwisha na gundi hainuki, usirudi wewe kwanza wala usimwache baba mtu azungumze. Nendeni na binti mchana kweupe, pampu ikiwa mfukoni mwake, asimame katikati ya chumba chake kipya, nyinyi wawili mkae kimya kwenye korido. Akisema tunahamia, mnahamia. Akisema bado, fundi anachukua nyundo. Kifua ni chake.